Mwanasesere Aliyehamia kwa Keza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapokuona ukitoa vitu vyako vya utotoni, ukivitazama, kisha ukivirudisha kabatini.

Matetemeko ya ardhi yalikuwa yamepasua kuta za nyumba yetu hapa Gisenyi, nasi tulikuwa tukihamia vyumba viwili vya kupanga. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Nilikuwa na mwanasesere ambaye bibi alinishonea kwa vipande vya vitenge tulipokuwa bado ukimbizini Karagwe. Nilimpakata safari nzima ya kurudi Rwanda. Kule tuendako hakukuwa na nafasi yake. Nikaamua kumpa Keza, binti mdogo wa jirani.

Keza alikuja amejifunga kitenge, tayari kumbeba mgongoni. Nami nikaanza masharti. Asimlaze chini. Asimfue kwa sabuni ya unga. Asimtoe nje wakati wa mvua. Nikafafanua na mvua yenyewe ni ya namna gani. Nikaongeza, kwa upole nilioamini kuwa wa kweli, kwamba ningepita kila Jumamosi kumjulia hali. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo mtoto alivyoificha mikono yake nyuma.

"Basi dada, baki naye," akasema. "Mi nitamuharibia."

Mke wa mjomba wangu, tuliyemwita Tantine, alikuwa akifunga magodoro kwa kamba. Alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, akazungumza Kiswahili cha huko, na sijapata kumsikia akinong'ona.

"We mutoto! Iko unamupatia, ao iko unamuajiri kazi ya kulinda?"

"Ninamweleza tu, Tantine."

"Bon. Mutu akikupa ng'ombe, anakuambia mama yake ni nani, anakupa kamba, anaenda kwake. Umeisha kumuona anarudia kila asubui kuangalia kama unamukamua muzuri?"

Nilikuwa na majibu, yote yenye mantiki. Hakuna hata moja ambalo lingeirudisha mbele mikono ya yule mtoto. Nikapiga magoti. Nikamwambia Keza kwamba mwanasesere huyu anaitwa Tumaini, na kwamba alishonwa na bibi aliyenipenda sana. Kisha nikamweka mgongoni pake na kulikaza fundo la kitenge.

"Sasa anaitwa Divine," akatangaza.

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Nikakifunga.

Baadaye niliwakuta Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto. Divine alikuwa ameogeshwa mpaka rangi imechujuka, ameanikwa juu ya jiwe, na Keza anamkemea avumilie jua. Nilirudi nyumbani nikitabasamu, jambo ambalo sikulitarajia.

Mwanangu, kitu ulichokipenda kinapokwenda nyumba mpya, kipe historia yake, usikipe masharti. Simulia mara moja kilikotoka, kisha mwache mwenyeji wake akichafue, akibadilishe jina, akichoshe kwa mchezo. Wewe nawe ulikichakaza kwa kukipenda. Na kama moyo bado haujaachia, baki nacho bila aibu, kuliko kumtwisha mtoto wa mwenzio kazi ya kukutunzia huzuni.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutoa, na watoto wanaopokea kwako bila woga. Popote utakapoishi, vitu vya nyumba yako vichakae kwa kutumiwa, na wanaovitumia wakue salama.