Salamu Kutoka Uvunguni mwa Gari

Gari yangu ya dizeli imemzidi mke wangu umri, na bado inapanda kilima chochote cha Pemba ikiwa na magunia mpaka darini. Sikurithi wala sikupewa. Niliondoka kisiwani na begi moja, nikaosha injini za watu bara ili nisome diploma ya ufundi wa magari, nikaipata, nikafanya kazi Maskati miaka saba, kisha nikarudi Wawi na gari hii pamoja na sanduku la zana ambalo mafundi wa Chake huja kuliazima. Diploma nimeitundika ukumbini, mkabala na mlango. Anayeingia kwangu huiona kabla hajaniona mimi, na ndivyo nilivyokusudia.

Kwa hiyo msomaji ataelewa hali yangu Jumanne ile gari ilipozima Gombani, mama mkwe akiwa kiti cha mbele.

Nilikuwa nimemchukua aje akae nasi mpaka Ijumaa, siku ambayo ningempeleka Wete kwenye nikaha ya mjukuu wake. Asubuhi nilikuwa nimeipeleka gari kuoshwa. Mkwe hapandishwi gari chafu, basi nilimwambia muoshaji apige maji ya nguvu kila mahali, hata chini kusikoonekana na mtu. Ikatoka inang'aa. Tulipokaribia uwanja wa mpira, injini ikakohoa, ikavuta pumzi mbili tatu, ikanyamaza. Mechi ilikuwa imekwisha na watu wanatoka. Wakaja kusukuma kwa furaha kubwa. Mama mkwe alikaa wima ndani ya buibui lake, macho mbele, akisukumwa mpaka kando ya njia. Nilipampu dizeli kwa mkono, nikatoa hewa, ikawaka, ikazima tena. Tulifika nyumbani kwa namna hiyo, vituo vinne.

Mama mkwe aliingia ndani moja kwa moja. Alimwambia binti yake, kwa sauti iliyonifika barazani, "Ijumaa nitapanda gari ya abiria. Mumeo asihangaike."

Mkwe habishiwi. Lakini nilijua kwamba akishuka kituoni Wete na kikapu chake mkononi, ukoo mzima utamuuliza gari ya mkwewe iko wapi, naye si mtu wa kusema uongo. Nilikuwa na siku mbili.

Jumatano asubuhi alikuja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi wa mashine za boti na hajawahi kunihurumia.

"Shemeji, diploma imeamkaje?"

"Nzima. Nipe ile spana."

"Maana nasikia jana ilisukumwa na mashabiki. Walioshindwa au walioshinda?"

Nikaingia uvunguni. Kilichonisumbua ni kwamba sikuona tone la dizeli popote, ilhali injini ilikuwa wazi inavuta hewa. Nikaupapasa mpira wa mafuta kuanzia kwenye chujio kurudi nyuma, mpaka karibu na tangi kidole kikagusa kitu laini kama unga uliokandwa. Hapo nikakumbuka, na uso ukaniwaka moto ingawa hakuna aliyeniona.

Ile kazi ilikuwa yangu mimi. Miezi mingi nyuma, nikiwa njiani kutoka Mkoani, mpira ulipata ufa mdogo ukawa unadondosha. Nikafanya afanyavyo kila dereva wa kisiwa hiki: nikaomba kipande cha sabuni ya kufulia kwenye nyumba ya karibu, nikakikandika kwenye ufa, nikazungusha utepe wa mpira wa baiskeli, nikakaza. Dizeli haiyeyushi sabuni. Ilishika vizuri hata nikaisahau. Ila maji huiyeyusha, na maji hayo niliyaagiza mimi mwenyewe. Ufa ukabaki wazi chini ya utepe, ambao ulizuia mafuta yasidondoke lakini ukaachia hewa kupenya kila injini ilipovuta.

Nilimwambia shemeji. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Yakhe, tatizo liko wapi basi? Nikuletee sabuni nyingine, kesho kutwa mnafika Wete."

"Hapana. Nabadilisha mipira yote."

"Yote? Kwa ufa mmoja?"

"Yote. Mmoja ukichoka, wenzake wamekula dizeli ile ile miaka ile ile."

"Basi n'na mpira wa boti, mweupe, unaona mafuta yanavyopita."

"Huo ni wa petroli ya boti yako. Hapa utakakamaa kama ukucha. Nenda dukani Chake, niletee wa dizeli, ule mweusi wenye nyuzi ndani, na klipu mpya kumi."

Alipoondoka, nikaanza kufungua. Nilikuwa nimekwisha kumimina mafuta kwenye madumu, lakini nilipouchomoa ule mpira wa tangini yakatoka yaliyobaki, mengi kuliko nilivyokadiria, nikaziba tundu kwa dole gumba. Nikawa nimelala chali, dole limeziba, dumu limejaa, wa kunisaidia yuko Chake. Ndipo nikasikia ndara za mama mkwe zinakuja uani.

Kwa adabu zetu ningetoka, nijipanguse, nimpe hata kiwiko kama mikono ni michafu. Sikuweza.

"Shikamoo mama!"

Ndara zikasimama.

"Marahaba. Leo nasalimiwa na miguu?"

"Nisamehe mama. Nikiachia hapa, mafuta yote yatamwagika."

"Basi usiachie." Ndara zikasogea karibu. "Kumeharibika nini?"

Ana kwa ana nisingethubutu, lakini huko chini, nikiwa naona vidole vyake tu vyenye hina, nilimweleza yote: ufa, sabuni, maji.

"Sasa hayo maji uliyapiga kwa ajili yangu?"

"Ndiyo mama."

Nikasikia anavyojizuia kucheka, kisha akashindwa. Akavuta kigoda akakaa hapo hapo, akaniuliza mafuta yanapita wapi na wapi, nami nikamfundisha njia nzima, tangi, chujio, pampu, nozeli, mpaka shemeji aliporudi akakuta darasa.

Kazi ilichukua siku iliyobaki. Nilikata kila mpira kwa kisu kikali ili mdomo uwe sawa, nikapuliza mabomba ya chuma mpaka yakatema matope meusi, nikaweka chujio jipya, nikakaza klipu moja moja. Nilipampu mpaka mafuta yakatoka bila povu. Nikageuza ufunguo mara moja tu, ikawaka. Shemeji alitikisa kichwa akasema, "Haya bwana, diploma ina kazi." Nilimwomba arudie, akakataa. Alhamisi niliizungusha gari Wawi nzima, haikukohoa.

Ijumaa sikumuuliza mama mkwe lolote. Niliisogeza gari tu pale mlangoni, nikaiacha inaunguruma. Alitoka na kikapu, akaizunguka taratibu, akainama akatazama uvunguni, akapanda kiti cha mbele.

Baada ya nikaha, mpwa wake mmoja mwenye gari mpya yenye kiyoyozi alimwambia, "Shangazi, nitakurudisha mimi, usisumbuke."

"Ahsante mwanangu," akamjibu, huku akinipa kikapu nikipakie. "Mimi nimekuja na gari yangu."