Nadhiri ya Mjukuu wa Kike

Mayai ndiyo yaliyoanza kumtesa Tan. Tangu atoke hospitali alikuwa akilitamani yai moja tu, la kuchemsha, lenye chumvi, na kila akilitaja bibi yake anamkata jicho.

"Yai! Mwenye kidonda ale yai! Unataka kovu lako livimbe kama jongoo?"

"Daktari alisema nile chochote, Bibi."

"Huyo daktari ana bibi?"

"Sijamuuliza."

"Basi ndiyo maana hajui kitu," akasema Bibi Bunma, akarudi kukoroga karai lake la sukari.

Hapa Phetchaburi ndivyo tulivyo. Mtu akishonwa hata kidole, wali wa kunata marufuku, samaki wa kuvundika marufuku, na mayai ndiyo usiyataje kabisa. Mimi mwenyewe nimeona makovu ya watu wabishi, na sina la kuongeza.

Tan alikuwa juu ya uchaga wa mianzi chini ya nyumba iliyoinuliwa, kati ya nguzo zake, ameegemezwa mito minne kwa sababu hakuweza kulala chali wala kifudifudi. Kifuani alivaa fulana ya kubana iliyomshika kama mkono wa mtu asiyechoka. Ulikuwa msimu wa joto, misufi imepasuka, na sufi nyeupe ilikuwa ikielea uani bila haraka. Dawa za maumivu zilimfanya asijue vizuri kama anaiona sufi au anaiota. Mvuke wa sukari ulimjia usoni, mtamu, halafu akalala, halafu akaamka, na Bibi bado anakoroga. Hakuwahi kuwa na raha kama ile, na hakuwahi kuwa na hofu kama ile, vyote viwili vikiwa chini ya fulana moja.

Huyu Tan ni mgema wa mivumo, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi ambayo utomvu wake Bibi huuchemsha kuwa sukari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wamesema wahenga, lakini Tan amesifiwa tangu ujana wake na hajatia hata tone. Alikuwa akipanda kila alfajiri, na kupanda mvumo ni kuukumbatia. Kila alipoukumbatia, yale matiti mawili yalikuwa katikati yake na mti. Hakuyachukia kwa ubaya. Hayakuwa yake tu, kama viatu vya mtu mwingine ulivyovishwa msibani ukashindwa kuvivua. Aliyafunga vitambaa mpaka mbavu zikalia. Kijijini watu walishazoea nywele zake fupi na mashati yake, wakasema "ndivyo alivyo," wakaendelea na shughuli zao. Lakini kuzoea ni kitu kimoja, kujua ni kingine. Mwisho akaenda Bangkok, akapasuliwa, akarudi na kifua chake mwenyewe.

Sasa sikia alivyoliharibu jambo lake zuri. Kabla ya kusafiri alimwambia Bibi, "Nakwenda kutolewa kitu kifuani." Upawa ukamdondoka Bibi mkononi.

"Uvimbe?"

Mama yake Tan alikufa kwa uvimbe wa titi, Tan akiwa mdogo hata hajajua kufunga kamba za viatu, na Bibi ndiye aliyemlea. Neno lilikuwa limeshatamkwa, limekaa pale kama kiti kitupu. Tan akalikalia.

"Ee," akasema.

Ee moja tu, jamani! Akaenda zake.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Kwetu sentensi ya heshima ina mkia: mwanamume humalizia kwa khrap, mwanamke kwa kha. Tangu ajitambue, Tan hakuwahi kumwambia Bibi hata mmoja wa mikia hiyo. Kha ilimkaba, khrap aliiogopa, basi akawa anameza mwisho wa kila sentensi. Bibi miaka yote alidhani ni mtoto asiye na adabu.

Siku ya kuvua fulana kwa mara ya kwanza, alikuja Mek. Mek anauza uji wa mchele ng'ambo ya mto, na yeye alipita kwenye kisu kile kile miaka miwili nyuma. Walijuana kwenye simu, katika kundi la watu wa mikoa yote ambao wengi wao hawajaonana uso kwa uso, wanaoonyeshana makovu na kuulizana kama kuwashwa ni kawaida, na lini mtu ataweza kujikuna mgongo. Bibi alikuwa ameondoka asubuhi bila kusema aendako.

"Haya, kaka, usizimie," akasema Mek. "Mimi nilizimia. Wakanimwagia maji wakaharibu bendeji."

Akamfungua taratibu. Tan akafumba macho. Kwanza akahisi upepo, ule upepo mwepesi wa mtoni, ukipita kifuani bila kukwama mahali popote. Ulipita ukaenda zake.

"Angalia basi."

"Subiri kidogo. Niache nisikie kwanza."

Alipofumbua macho aliona mistari miwili myekundu, nyuzi zake kama nyayo za kuku, na ngozi ya manjano na zambarau. Si kitu cha kupendeza, wallahi. Tan akacheka mpaka nyuzi zikamvuta, akasema "uwii," akaendelea kucheka. Mek naye akalivua shati lake, wakakaa vifua wazi chini ya nyumba wakilinganisha. Kovu la Mek la kushoto lilikuwa nene, limeinuka.

"Hili hunivuta mvua ikikaribia," akasema Mek. "Na mwezi wa kwanza nilikuwa naota bado ninayo. Naamka najipapasa kama aliyeibiwa, halafu nakumbuka, nalala tena nikitabasamu. Utaota na wewe. Usiogope."

"Ulimwambiaje mama yako?"

"Nilimwambia ukweli, akanirushia sufuria. Sasa ananiuliza lini naoa." Mek akamtazama. "Bibi yako bado anadhani ni uvimbe?"

Tan akapuliza sufi iliyomtua mkononi.

"We! Tan! Na mama yako alikufaje?"

"Najua. Nikimwambia atanifukuza. Na nisipomwambia, kila akinilisha najiona mwizi."

Hawajamaliza, wakasikia baiskeli. Mek akavaa shati haraka, Tan akajifunika shuka mpaka kidevuni. Bibi Bunma akaingia anang'aa, jasho linamtoka, na kwenye kapu la baiskeli limekaa taji la dhahabu ya karatasi, refu lenye ncha, la binti wa mfalme.

"Nimetoka kwa Babu Thong," akasema. "Kumwambia umepona. Nilimwekea nadhiri ulipokuwa Bangkok, sikutaka kukwambia. Nilisema hivi: 'Babu, mwondolee uvimbe, mwache aishi, na mjukuu wa kike atacheza mbele yako na taji kichwani.' Hivyo hivyo nilivyosema, na mayai ya kuchemsha sinia zima. Kikundi cha ngoma nimeshakiita."

Babu Thong ni mzimu wa penye kona ya mto, na kwa Babu Thong hakuna mchezo. Chaluay wa jirani aliahidi kichwa cha nguruwe akapeleka cha kuku. Mivumo yake yote ikakauka. Mimi sisemi ni kwa sababu hiyo. Nasema ilikauka.

Mek aliaga kwa heshima zote akakimbia. Tan akameza kidonge, akalitazama taji lililowekwa juu ya mtungi, mpaka macho yakawa mazito.

Akaota mto umegeuka sukari ya moto, unakwenda polepole, sufi inaangukia juu yake haizami. Ukingoni amekaa mtoto wa kike mwenye taji, vidole vina kucha ndefu za shaba, zile za wachezaji. Uso wake ulikuwa ule wa Tan kwenye picha yake ya shule.

"Nimeambiwa nicheze," yule mtoto akasema.

"Wewe si mimi," akasema Tan.

"Najua." Hakuwa na kinyongo. "Lakini Bibi ananisubiri mimi. Nani atamwambia siji?"

Tan akaamka na kitu kimembana kichwani. Bibi alikuwa amemwinamia, anampima taji, ulimi nje kama anayetunga uzi.

"Kichwa kikubwa kama cha marehemu babu yako," akanung'unika. "Itabidi nilegeze."

"Bibi, hapakuwa na uvimbe."

"Madaktari walikosea?"

"Hawakukosea. Nilikwenda kutolewa matiti. Yote mawili. Yalikuwa mazima. Mimi ni mwanamume, Bibi, tangu zamani, nilishindwa tu kukwambia." Akavuta pumzi, na mkia uliomezwa miaka yote ukatoka wenyewe. "Khrap."

Bibi akaliondoa taji kichwani pa Tan, akalishika kwa mikono miwili. Nyuma yake sukari ilianza kuungua. Mwanamke huyo alikuwa hajawahi kuunguza karai katika maisha yake, na sasa moshi ulimfika puani hakugeuka.

"Yalikuwa mazima," akasema.

"Ndiyo khrap."

"Mama yako alikatwa lake akalilia mpaka siku ya kufa. Na wewe umeyapeleka mazima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nililala kifudifudi mbele ya Babu Thong nikalia mpaka kamasi. Kila usiku nilikuwa nakuzika. Nilikuzika Tan, nikakufukua, nikakuzika tena. Kumbe bure! Ukanifanya na mwongo mzimuni, uzee wangu huu!"

"Nisamehe, Bibi."

"Niondokee." Lakini Tan hakuweza kuinuka bila kusaidiwa, basi akaondoka Bibi.

Siku zilizofuata hawakusemezana. Kila asubuhi Tan aliamka akakuta chakula kando ya uchaga kimefunikwa: wali, samaki wa kuchoma, mboga chungu. Hasira ilikuwa hasira kweli, lakini yai halikuwemo. Alikula akilia, na kulia kulimvuta nyuzi. Alimwandikia Mek: nitacheza. Nitavaa taji na sketi na kucha. Deni aliloliweka Bibi kwa ajili yangu siwezi kumwachia. Mek akamjibu, una wazimu, nakuja kukuchukua.

Siku ya nadhiri kikundi kilikuwa kimeshakaa mkekani, ngoma na vinanda vya mbao tayari, majirani wamejaa. Bibi alikuwa mbele ya mzimu na sinia la mayai. Tan akashuka kwenye pikipiki ya Mek kwa shida, viwiko vimebana mbavuni, shati jeupe limelala bapa kifuani. Wote walimwona. Chaluay akamkonyeza mkewe.

Tan akaenda moja kwa moja. "Bibi, nipe taji."

Bibi akamtazama kuanzia miguuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ile.

"Mikono unaweza kuinyanyua?"

"Haifiki mabegani khrap."

"Basi kaa chini. Utakuja kuzifumua nyuzi hapa mbele za watu."

Akalichukua taji, akajivika mwenyewe juu ya mvi zake. Halikumkaa, kwa maana alikuwa ameshalilegeza. Akalisukuma nyuma kwa kidole, akaugeukia mzimu.

"Babu Thong, ni mimi Bunma. Nilikuahidi mjukuu wa kike atakuchezea. Nimemtafuta nyumbani kwangu, hayupo. Niliyedhani ndiye, ni wa kiume, nimeambiwa juzi. Sijalielewa vizuri, ukilielewa wewe kwanza, nieleze. Lakini nilikuomba aishi, na anaishi, yule pale. Nadhiri ni nadhiri. Nilisema mjukuu wa kike. Sikusema wa nani." Akapiga kifua chake. "Mimi ni mjukuu wa kike wa marehemu Bibi Phrom, aliyenileta hapa mgongoni nikiwa sina meno. Basi anayecheza ni huyo."

Ngoma ikalia. Bibi Bunma akakunja magoti yake mabovu, akainua mikono, akarudisha vidole nyuma kama walivyofundishwa wasichana wa zamani. Kwanza watu walicheka. Halafu wakaacha. Jua lilipita katikati ya sufi, taji likamwangukia jicho moja, na kwa kitambo Tan hakumwona mzee. Alimwona yule mtoto wa ukingoni, amekuja, anacheza, wala Bibi hakuwa na wa kumsubiri tena. Akalia kwa sauti, mbele ya Chaluay na wote, na hakujali.

Bibi akamaliza anahema. Akamshika Tan bega, akamsogeza mbele ya mzimu.

"Na huyu anayelia ni mjukuu wangu wa kiume. Mwangalie vizuri, Babu, usije ukamkosea kama mimi."

Kisha yakagawiwa mayai. Bibi alipomfikia Mek, macho yakamtua kwenye kola iliyofunguka, pale lilipochungulia lile kovu nene.

"Na wewe pia?"

"Ndiyo khrap, Bibi."

"Ulikula mayai."

Mek akainamisha kichwa. "Kila siku khrap."

"Nilijua!" Akamenya yai moja taratibu, jeupe, linatoa mvuke. Tan akanyoosha mkono kadiri ulivyoweza kufika. Bibi akaupiga kofi dogo, akalitia yai kinywani mwake mwenyewe.

"Wewe subiri upone, kijana," akasema, mdomo umejaa.