Mkunjo wa Suruali Namba Moja

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wanaoijua kriketi na wanaodhani ni dawa ya mbu, kwamba kamati kuu ya klabu, baada ya kuketi, kusimama na kunywa chai mara mbili, imemtunuku dobi wake cheti chenye fremu kwa kutufundisha sote namna ya kusimama na tuwapendao. Mwenyekiti alikisoma kwa sauti ya msibani. Dobi alisimama mbele yake, mikono nyuma, akimngoja amalize.

Sasa niwaeleze alivyokipata.

Dobi huyu ana miaka hamsini na mbili, mgongo mkorofi na vidole vilivyochunwa na sabuni. Nusu ya chumba chake ni meza ya kupigia pasi. Nusu ya pili analala yeye na, nyuma ya pazia, mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao afariki. Kila Jumatatu huletewa mfuko wa nguo nyeupe za timu, na kila Alhamisi huzirudisha, suruali zikiwa na mkunjo wa mbele ambao unaweza kukatia mkate. Ndani ya kila kiuno ameshona namba kwa uzi mwekundu. Mdogo wake ni namba saba. Kapteni, ungetegemea nini, ni namba moja.

Jumapili moja uwanja ulikuwa tope tupu kwa mvua ya asubuhi. Zilibaki mbio nne timu ishinde, na wapigaji waliobaki ni kapteni na namba saba tu. Kapteni akapiga mpira, akaita, "Njoo, njoo," wabadilishane ncha za uwanja wapate mbio. Namba saba akatoka mbio. Kapteni akaghairi, akabaki kwenye mstari wake kama mlinzi wa benki. Kijana akageuka, akajirusha kifudifudi kwenye tope, lakini vijiti vya upande wake vilishaangushwa kwa mpira, akawa ametolewa. Mechi ikaishia hapo, tumeshindwa.

Jioni ileile kapteni aliieleza kamati kwamba yeye amejitupa chini mara tatu siku hiyo kuokoa timu, ila namba saba ni mzito, hajitumi. Aliomba Alhamisi ipigwe kura, kijana aondolewe timuni moja kwa moja. Namba saba alirudi nyumbani akalala ameuelekeza uso ukutani. Chakula hakukigusa.

Kesho yake kapteni mwenyewe ndiye aliyeleta mfuko.

"Kapteni, si wewe uliyemwita akimbie?" dobi akamuuliza.

"Dada, wewe fua. Kriketi tuachie wenyewe."

Akaondoka akipiga mluzi. Mtu mwenye akili zake hamtukani dobi wakati suruali yake bado iko mikononi mwa huyo dobi.

Dobi alifunga mlango, akazitandaza suruali sakafuni. Kumi zilikuwa hazitamaniki. Ya namba saba ilikuwa tope kiunoni mpaka kwenye pindo, goti limetoboka. Ya namba moja akaipeleka dirishani. Mkunjo ulikuwepo. Ni mkunjo wake yeye, wa Alhamisi iliyopita, umenyooka kama alivyouacha. Akacheka peke yake mpaka mgongo ukamuuma. Wiki hiyo hakulowesha hata soksi.

Alhamisi, kamati ilipofika kwenye baraza la klabu, ilikuta suruali kumi na moja zimening'inizwa kwenye kamba, hazijafuliwa, zikinuka.

"Dada, mbona hujafua?" kapteni akauliza.

"Moja ni safi."

Mwenyekiti akavaa miwani, akasogea. "Hii ni ya nani?"

"Soma kiunoni, mzee. Mtu akipiga goti mara moja tu, mkunjo wangu unakufa. Huyu amejitupa mara tatu na mkunjo uko hai. Labda alijitupa kwa kusimama."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke.

"Nilibadilisha," kapteni akasema. "Nilikuwa na suruali nyingine."

"Sawa, baba. Hiyo nyingine umeipeleka kwa dobi gani? Nitajie nikamsalimie."

Kapteni akatazama viatu vyake, ambavyo navyo, kwa bahati mbaya, vilikuwa vinang'aa.

Kura ilipigwa, lakini ya ukapteni. Namba saba alibaki timuni. Kapteni wa zamani siku hizi hubeba maji, na suruali yake hurudi na wanga mwingi kiasi kwamba inasimama yenyewe sakafuni. Wachezaji wanasema siku moja itakimbia, na haitaghairi njiani.

Basi turudi kwenye cheti. Mwenyekiti alimaliza kusoma, akafuta jicho, akamwomba dobi awaambie vijana jinsi upendo wa dada ulivyompa nguvu.

"Upendo?" dobi akasema. "Huyu hata mpira hawezi kudaka. Nilitaka kapteni aumbuke tu."