Mjukuu wa Ndelilio Si wa Ukoo

Shwaa, shwaa, shwaa. Mundu juu ya jiwe, kabla jogoo yeyote wa Machame hajawika. Priska sasa ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na bado sauti ile humwamsha usingizini, ingawa mama yake, Ndelilio, aliacha kukata nyasi tangu magoti yalipomgomea. Utotoni, sauti ilipokoma, Priska alijua mama ameshuka tambarare. Angerudi jua likiwa kali, mzigo umemfunika mpaka mabegani, ungedhani kichaka kimeota miguu kikaamua kupanda mlima.

Ndelilio alianza kazi hiyo akiwa msichana mdogo. Baba yao alikuwa amefariki, nyumbani kuna ng'ombe mmoja, na watoto wa kusomesha ni wawili: yeye na mdogo wake, Ebenezeri. Wazee wa ukoo wakaketi, wakanywa pombe yao ya mbege, wakaamua. Msichana ataolewa, elimu yake itakwenda kwa watu wengine. Akatolewa darasani. Ng'ombe akala nyasi zake, maziwa yakauzwa, Ebenezeri akasoma. Hata alipoolewa kijiji cha pili hakuacha. Kila alipokata mzigo wa mumewe alikata na wa kwao, mpaka mdogo wake akaitwa Profesa.

Profesa hakusahau. Kila Krismasi alipopanda kutoka chuoni, alipita kwa dada yake kabla ya kufika kwake, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, dada," kisha akaomba bakuli la mtori wa ndizi. Alipofariki, chuo alichofundisha kilianzisha ufadhili wa masomo kwa jina lake. Mwenyewe alikuwa ameacha ombi: kila mwaka nafasi moja iende kwa kijana wa ukoo wake anayestahili. Kazi ya ukoo ingekuwa kuthibitisha tu kwamba kijana huyo ni wao.

Mwaka huu waliomba wawili. Mmoja ni Goodness, binti wa Priska, aliyewaongoza wenzake wote shuleni na anayetaka kusomea kilimo. Wa pili ni Lucky, kijana wa Dar es Salaam, mjukuu wa Mzee Gidioni. Na Mzee Gidioni, mtoto wa baba mdogo wa Ndelilio, ndiye mwenyekiti wa ukoo.

Priska alimfuata kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwake, akamkuta akipunguzia migomba majani makavu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya yule mtoto."

"Ndiyo."

"Priska mwanangu, wewe ni mtu wa kanisani, hutaki niseme uongo. Goodness ni wa ukoo gani?"

"Ni mjukuu wa Ndelilio."

"Sikukuuliza bibi yake, nakuuliza ukoo wa baba yake. Mgomba wa jirani ukiinamia kwangu, mkungu unakuwa wangu?"

"Profesa alisoma kwa nyasi za nani, mjomba?"

Gidioni akacheka mpaka akaegemea mgomba. "Alisoma kwa akili zake. Nyasi zililiwa na ng'ombe!"

Priska alirudi na neno hilo kama aliyebeba kaa la moto kiganjani. Alipolisimulia, Ndelilio aliendelea kumenya ndizi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alicheka?"

"Alicheka, mama."

Siku ya kumkabidhi Lucky ufadhili, turubai lilifungwa katika kihamba cha marehemu, karibu na kaburi lake. Mbuzi wakachinjwa, nyama ikagawiwa kidesturi, kila mtu na heshima yake. Sahani ya Ndelilio ililetwa kabla ya za wanaume wengi. "Fungu la shangazi wa ukoo!" akatangaza mshereheshaji, na watu wakapiga vigelegele.

Hapo hasira ya Priska ilikosa pa kukaa. Kumbe kwenye nyama mama yake ni wa ukoo! Kwenye msiba alikuwa wa ukoo, akalala chini na kulia kuliko wote. Alipokata nyasi alikuwa wa ukoo. Ila mtoto wake akizaa mtoto anayetaka kusoma, basi damu hiyo imegeuka maji ya mfereji, inapita tu kwenda kwa jirani?

Ndelilio hakuigusa sahani. Wanawake walianza kukonyezana, kwani shughuli ya ukoo haiendi mbele shangazi mkubwa akiwa amenuna. Dokta Violet, aliyetumwa na chuo, akashika kipaza sauti. "Namwomba dada wa Profesa asimame nami tukikabidhi."

Ndelilio hakuinuka.

Gidioni akaelewa. Akaenda kwenye uzio, akakata jani la isale. Kwa Wachagga jani hilo si mchezo: aliyekukosea akikuletea, humkatai, hata kama alikuchomea nyumba. Unapokea, na shauri linazikwa. Akaja nalo akitabasamu, simu za watu zikimpiga picha.

"Dada, lolote lililokuudhi lipite. Pokea isale, tule, kijana akabidhiwe. Wageni wana safari."

"Pokea, shangazi!" akapaza mtu. "Isale haikataliwi!"

Makofi yakalipuka. Priska akaona kabisa kwamba mama yake amefungwa kwa jani bichi, na Goodness naye amefungwa humo humo. Akataka kupiga kelele, lakini Goodness alimshika mkono.

Ndelilio akainuka kwa fimbo yake. Akanyoosha mkono, akashika ncha ya jani, Gidioni bado ameshika shina. Hakulivuta, wala hakuliachia. Makofi yakapungua, yakafa. Tabasamu la Gidioni lilikaa peke yake usoni, halijui litokeje.

Ndelilio alisema kwa sauti ndogo, hata Priska aliyekuwa ubavuni ikambidi ainame.

"Silikatai, Gidioni. Ila mwenye kuleta isale hutaja kosa lake. Litaje."