Mvumo Kwenye Kompyuta ya Tata

Kiharusi kilimpokonya baba yetu, ambaye nyumbani wote tunamwita Tata, nguvu za mkono wa kulia na karibu maneno yake yote. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi, kisha akawa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri huko Kiruruma. Maneno machache aliyobaki nayo mara nyingi hayakuwa yale aliyoyataka. Akitaka maji alisema "Jumapili". Akiona haeleweki, alinyamaza na kugeukia ukuta.

Mimi ni fundi wa redio na simu, kibanda changu kiko Kamuli, upande wa Kyerwa. Nilipokwenda kumjulia hali baada ya kutoka hospitali, nilimkuta akilitazama kabati. Nikawa namtolea kitu kimoja kimoja mpaka aliponyanyua kidole. Alitaka kompyuta yake ya zamani, aliyoachiwa na mgeni mmoja wa usharika aliyerudi kwao nikiwa bado mdogo. Haifanani na laptopu za sasa. Kompyuta nzima imo ndani ya kibodi nene. Unaichomeka kwenye TV, na kazi zako unazihifadhi kwenye kaseti. Tata aliitumia kutunga nyimbo. Aliingiza noti moja moja, kompyuta ikazipiga, naye akasikiliza kabla ya kuwapelekea wanakwaya. Kwenye kaseti mlikuwa na wimbo aliokuwa akiutunga alipougua. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuusikia.

Niliunganisha kila kitu, nikaweka kaseti, tukasubiri. Wimbo ulipoanza tuliusikia kwa shida, maana juu yake kulikuwa na mvumo mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kadiri tulivyosikiliza ndivyo ulivyozidi kunenepa. Tata akaanza kuhangaika. Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, akasema, "Uji." Mama akakimbilia jikoni, akarudi na kikombe. Tata akakisukuma, uji ukamwagika. "Uji," akasema tena, na machozi yakaanza kumtoka. Nikazima.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeishi nao na kutunza kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, alikuwa anaanika kahawa uani. Aliingia akayaona machozi, akaniita nje.

"Daktari alisema presha isipande," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukiiwasha tena akaanguka, utamwambia nini Mama?"

Yeye ndiye aliyekuwa akimbeba Tata kwenda kuoga kila siku, na uchovu ulikuwa umemkaa usoni. Nilimwomba aniachie siku moja, niutafute huo mvumo Tata akiwa barazani, asiusikie. Alikubali bila kunitazama.

Asubuhi iliyofuata nilianza na waya wa TV. Nikauondoa, nikaweka mwingine kutoka kwenye mkoba wangu. Mvumo ukabaki. Nikachomoa kinasa cha kaseti, nikaondoa na chaja ya simu iliyokuwa karibu, lakini wapi. Nikaiacha TV kabisa, nikapitisha sauti moja kwa moja kwenye spika yangu ndogo ya kujaribia. Mvumo ulikuja vilevile, kwa hiyo TV haikuwa na kosa.

Nikaifungua kompyuta. Sikuona kapasita iliyovimba wala sehemu iliyoungua. Sasa nilikuwa naitilia shaka chipu yenyewe ya sauti, na kama hiyo ilikuwa inakufa, sijui Kagera yote ningeipata wapi nyingine. Nikawasha tena, nikasogeza sikio. Mvumo ulianza kidogo, kisha ukapanda.

Nilikuwa nimeinama hivyo niliposikia hatua za kuburuta. Mlio ulikuwa umefika barazani, na Tata alikuwa amemlazimisha Mama amlete. Alisimama mlangoni akimwegemea Mama.

"Uji," akasema.

Mama akanisihi nizime. Akasema mzee anaogopa, na kaka akirudi kutoka kibanjani akamkuta hivi itakuwa vita. Nilinyoosha mkono kwenye swichi, lakini nikaona kwamba Tata haitazami kompyuta. Alikuwa anatazama chini ya meza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeelekea kwenye adapta, lile boksi jeusi zito linaloleta umeme kwenye kompyuta, nililokuwa nimelilaza sakafuni. Niliinama nikaligusa. Niliutoa mkono haraka, lilikuwa linaunguza.

"Ni moto, Tata? Moto kama uji?"

Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, polepole. Mama akakaa kwenye kiti na kujifunika uso kwa kanga.

Nikachomoa umeme. Adapta ilipopoa niliitenga na kompyuta, nikaifungia balbu ndogo iiwashe, nikaipima kwa mita. Ilipaswa kutoa volti tano. Ilianza na tano, kisha kadiri ilivyopata joto ikapanda, na haikukusudia kusimama. Ilikuwa imeharibika ndani, ikipitisha umeme mchafu uliokuwa ukivuma kwenye spika. Tungeendelea kidogo tu, ingeunguza chipu zote. Mama ndipo alipokumbuka kwamba kabla hajaugua, Tata alikuwa akiwasha kwa muda mfupi tu, anapapasa chini ya meza, halafu anazima.

Ile adapta imemiminiwa gundi ngumu, haifunguki. Nilirudi Kamuli nikaunda nyingine kwa transfoma ya redio kubwa iliyokufa, nikaiacha iwashe balbu kutwa nzima huku nikiipima. Haikupanda.

Niliporudi Kiruruma kaka alisimama mlangoni, mikono kifuani, akakataa kukaa. Nikawasha. Kaseti ilizunguka ikilialia, nami nikaomba tu utepe usikatike. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya adapta mpya muda wote. Wimbo ukaanza. Nyuma yake kulikuwa na mchakacho mdogo, kama mvua ya mbali, basi. Kidole cha Tata kikaanza kupiga mapigo gotini. Kisha katikati ya ubeti wimbo ukakatika, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa ameishia.

Nilirekodi nakala kwenye kaseti nyingine. Tata akasogea mbele, akaweka kidole cha kushoto kwenye kibodi, akatafuta herufi, akabonyeza. Kibodi ikateleza mezani. Kaka akaondoka mlangoni, akavuta kiti, akaishikilia isiteleze, naye Tata akabonyeza noti ya pili.

Wimbo haujaisha mpaka leo. Kila nikienda nakuta umeongezeka kidogo, na kaka ndiye siku hizi anayebadilisha kaseti.