Jina Walilompa Mjukuu Wangu

Jumapili ya pili ya Aprili. Mvua imeanza kabla ya kanisa na haijaacha. Barabara ya Lambwe ni tope tupu.

Leo mjukuu wangu amepewa jina. Huku kwa Waluo, mtoto akilia bila kukoma wanataja majina ya waliokufa, moja moja. Jina analonyamazia, huyo ndiye amekuja. Mimi nimezaliwa Mkuria, upande wa Migori, lakini nimeshazoea.

Nilimwomba wifi yangu aanze na mama yangu. Akamtaja mara moja, haraka haraka, mtoto akazidi kulia. Kisha akataja shangazi wa mume wangu, Mluo aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza shule kwetu kule Migori. Mtoto kimya.

"Ni yeye! Mwalimu amerudi!" Wifi akapiga makofi.

Nilichoona mimi, mama mtoto, mke wa kijana wangu, alikuwa amemtia titi mdomoni wakati huohuo. Labda niliona nilichotaka kuona. Sijui.

Niandike haki yake kwanza. Msimu wa kutahiri wasichana ulipofika, mwalimu huyo alinificha nyumbani kwake, akasimama mlangoni akawakatalia baba na wajomba zangu. Kama si yeye, ningekatwa. Lakini ndani ya nyumba hiyohiyo sahani yangu ilitengwa, nikawa nakula chini, karibu na jiko. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ni jamwa tu, mtu wa nje. Msimwachie kisu, atakumbuka tohara ya kwao." Walicheka. Hata mimi nilicheka, nisije nikafukuzwa. Nilipoolewa na mtoto wa kaka yake, harusini hakukanyaga.

"Mama, mbona hupigi makofi?" mke wa kijana wangu akauliza. "Hulitaki jina?"

Nikawaeleza habari ya sahani. Wifi akanikatiza: "Alikuokoa, mke wetu. Ulitaka akupakulie na nyama?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilitaka."

Mama mtoto akasema jina libaki, maana mtoto wa kike anahitaji jina la mtu asiyeogopa wanaume. Hapo ana haki, sikubisha. Ila nimewaambia mimi nitamwita kwa jina la mama yangu. Wifi anasema nitamletea mtoto ugonjwa, kumwita kwa majina ya watu wawili. Pengine ni uchungu wangu tu unaosema. Hata hivyo nimeshamwita, na ameendelea kulia.

Jioni tumekula ugali, omena na mboga ya kunde.