Fundi Habari na Kundi la Majaribio

Kwa miaka kumi na moja hakuna kompyuta iliyopona katika ofisi ile ya vyeti bila Fundi Habari kuitia mkono. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na makarani, kwa sababu hakugusa kitu mpaka aulize habari za nyumbani. Ukimpigia kwamba printa imegoma, anakuja na kiti chake mwenyewe cha magurudumu, akikisukuma ukumbi mzima kwa kelele zake zote. Anakaa ubavuni mwako, anakunja mikono ya shati, halafu: "Habari za nyumbani?" Ukijibu nzuri, anakutazama. "Nzuri tu?" Hapo ndipo unajikuta unamweleza mtoto anavyokohoa, na mwenye nyumba alivyoanza vituko. Printa inakuja kutengenezwa baadaye, na inatengenezwa kweli.

Ofisi ilikuwa na madirisha sita ya kuhudumia watu waliofuata vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, masjala nyuma yake, na kompyuta arobaini na tatu. Zote arobaini na tatu alizijua kwa maradhi yake. Alijua ya masjala haitaki kuamshwa ghafla, na ya dirisha la tano ina herufi moja iliyozama. Kwa kifupi, alijiona mwenye mji.

Kisha akaletwa Injinia.

Alikuwa dada wa miaka ishirini na nane, mpole, mwenye miwani, na alikuja kwa barua ya miezi mitatu ya kuangaliwa kabla ya kuthibitishwa. Wiki ya kwanza alizunguka akiandika kwenye daftari. Wiki ya pili alijifungia chumba cha seva, ile kompyuta kuu inayoziendesha nyingine. Jumatatu ya wiki ya tatu makarani waliwasha mashine zao wakakuta zote zimevaa sare: nembo ya ofisi kwenye kila skrini, na kila aliyejaribu kuibadilisha aliambiwa hana ruhusa. Flashi hazikusomwa. Programu hazikuongezwa. Saa na tarehe hazikuguswa.

"Hizi ni sera za mtandao," Injinia alieleza kwenye kikao, kwa sauti ya chini. "Agizo linaandikwa mara moja kwenye seva. Kila kompyuta ikiwashwa inalisoma na kulifuata. Hakuna haja ya kupita meza kwa meza."

Meza kwa meza. Fundi Habari alikuwa amekaa kiti cha nyuma, na maneno hayo yalimwingia kama mwiba. Yeye alichukua miaka miwili kuwakataza watu wasichomeke flashi zao chafu, akibembeleza, akikaripia, akibandika karatasi ukutani. Huyu alimaliza kwa asubuhi moja, tena bila kunyanyuka kitini. Halafu Mkuu wa ofisi, mtu ambaye husifu kama anayeng'olewa jino, akasimama akasema, "Hiki ndicho tulichokuwa tunakikosa miaka yote."

Miaka yote ile alikuwepo nani? Fundi Habari alitabasamu, akapiga makofi pamoja na wenzake, na moyoni akawaka moto.

Simu ya mezani kwake ikanyamaza. Siku ya kwanza alidhani ni bahati. Siku ya tatu alinyanyua mkono wa simu akasikiliza kama bado uzima upo ndani. Upo. Basi akaanza kazi mpya isiyo na mshahara, ya kumchunguza Injinia. Alijua nani amesimama mlangoni kwake, na kwa muda gani. Alijua mzee wa masjala, ambaye yeye ndiye aliyemkuzia herufi ili aweze kusoma, sasa anamwita "binti yetu". Hata kikombe cha chai cha yule dada, cha bluu, kisicho na kosa lolote, kilimkera kukiona.

Nyumbani mkewe alikuwa fundi cherehani, na alimsikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga.

"Leo kafanya nini tena?"

"Kaambiwa asante na Mkuu. Mbele za watu."

"Kwani asante yako ilikatwa ikapewa yeye?"

"Wewe huelewi."

"Naelewa vizuri." Alikata uzi kwa meno. "Baba watoto, nikikusikiliza nahisi kama nimeolewa na mwanamke aliyeletewa mke mwenza. Unahesabu hata chai yake."

Alicheka mpaka akaacha kukanyaga. Fundi Habari hakucheka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akivaa viatu, mkewe alimwambia, "Nisalimie Injinia." Alisema kwa utani, kisha kwa mazoea, mwisho kwa moyo kabisa, maana alikuwa ameanza kumwonea huruma msichana wa watu. Fundi aliguna, na salamu zile zilimwishia getini.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa pili karani wa dirisha la tatu alipomfuata mezani. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na picha yake ndiyo iliyokuwa kwenye skrini kabla ya nembo.

"Nimeenda kwa Injinia, kasema sera ni ya wote," alisema. "Nikaona nije kwa fundi wetu mwenyewe."

Fundi wetu. Angemwomba figo, angepewa.

Kwenye seva palikuwa na kitu Injinia alichokiita kundi la majaribio. Lilikuwa na mashine mbili tu, za mafundi wenyewe, ambazo sera hazikuzigusa ili wapate pa kujaribia mambo kabla ya kuyapeleka kwa wote. Funguo za seva walikuwa nazo watu wawili, yeye na Injinia. Fundi Habari aliingia mchana wakati mwenzake ameenda kula, akaiongeza kompyuta ya dirisha la tatu kwenye kundi lile, akafunga. Kisha alisukuma kiti chake ukumbini, akakaa ubavuni mwa yule karani, akauliza habari za nyumbani, na akamrudishia mama yake kwenye skrini. Karani alifuta macho. Fundi alitoka pale anatembea kama mtu aliyevishwa kanzu mpya.

"Usimwambie mtu," alimwambia.

Bila shaka aliambiwa mtu. Wiki hiyo wakaja wengine wawili, wiki iliyofuata wanne, na kila mmoja aliapishwa kuwa ni yeye peke yake. Katibu wa Mkuu alitaka maua yake. Mzee wa masjala alitaka mshale mkubwa wa kipanya, akapewa, na akarudi kusema "fundi wetu" kama zamani. Simu ililia. Magurudumu yalipiga kelele ukumbini. Mwisho wa mwezi wa tatu kundi la majaribio lilikuwa na mashine kumi na nne, na Fundi Habari alilala usingizi mnono.

Jambo moja hakulifikiria. Mashine isiyoguswa na sera haipati picha tu. Inapata kila kitu.

Pale ofisini kila karani alijaza fomu ya kufika kazini kwenye kompyuta yake, na fomu ilichukua muda kutoka saa ya kompyuta ileile. Karani wa dirisha la tatu alikuwa mchelewaji wa kudumu. Siku moja aligundua kwamba saa yake inagusika. Tangu hapo hakuchelewa tena. Alikuwa akifika, anairudisha saa nyuma dakika arobaini, anajaza fomu, anairekebisha, anaita mtu wa kwanza. Jumanne moja, kwa haraka, alirudisha mwezi badala ya saa, na watu wakawa wamejaa dirishani. Akaanza kuhudumia bila kuirekebisha. Siku nzima vyeti vya dirisha la tatu vilitoka na tarehe ya mwezi uliopita.

Jumatano asubuhi baba mmoja alifika na cheti cha mwanawe mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayetaka kueleweshwa.

"Mwanangu kazaliwa tarehe tisa mwezi huu," alimwambia Mkuu. "Hiki cheti mmekitoa tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Naomba kujua mlipataje habari zake mapema hivyo."

Vyeti vya namna hiyo vilikuwa kumi na tisa.

Mkuu aliitisha kikao saa nane. Mezani kwake palikuwa na bahasha ambayo kila mtu aliijua, barua ya kumthibitisha Injinia, iliyobaki kutiwa sahihi Ijumaa. Alikaa Mkuu, akakaa Injinia, akakaa karani wa dirisha la tatu macho yakiwa chini, na Fundi Habari kwenye kiti chake cha nyuma.

"Ulituambia saa haiguswi," Mkuu alisema.

"Sera hiyo ipo," Injinia alijibu. "Lakini kompyuta ya dirisha la tatu ilikuwa kwenye kundi la majaribio. Kundi hilo nililianzisha mimi. Nilipaswa kulipitia kila wiki, na sikulipitia."

"Nani aliiweka humo?"

Asubuhi ile Injinia alikuwa ameifungua seva akaona mashine kumi na nne. Alijua hakuziongeza yeye, na funguo ni za watu wawili. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

"Kundi ni langu," alisema. "Nalibeba mimi."

Hakugeuka kumtazama mtu. Na Fundi Habari, kwa aibu yake, hata hapo alimwonea wivu. Alimwonea wivu kwa namna alivyosema maneno machache yakatosha, na kwa mgongo ulionyooka. Angekuwa yeye mahali pake angeeleza kwa nusu saa na kuapa kwa watoto wake.

Mkuu aliichukua bahasha akaifungia kwenye droo. "Basi tutaona kama kuna haja ya kukuthibitisha," alisema. Kisha akainua macho hadi nyuma ya chumba. "Fundi, kuanzia Jumatatu tunarudi kwako. Kama zamani."

Miezi mitatu alikuwa ameyalilia maneno hayo. Tusimsingizie wema: aliyataka hata wakati ule. Aliiona simu inalia na kiti kinazunguka. Lakini alipogeuza uso alikutana na karani wa dirisha la tatu, na karani, kwa kuwa ameona wamepona wote wawili, alimkonyeza. Kope moja tu ilishuka. Fundi Habari alijiona alivyo, mwenzake wa mtu anayeiba dakika arobaini.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyeiweka. Na nyingine kumi na moja. Yeye hakujua." Alitaka kuishia hapo lakini mdomo ulishafunguka. "Nilimwonea wivu, Mkuu. Watu walikuwa hawaniiti tena."

Mkuu, ambaye alitegemea kusikia habari za kompyuta, alikaa kama aliyefungua mlango wa bafu la watu. Injinia alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Aliandikiwa barua ya onyo. Funguo za seva zilichukuliwa kwa miezi sita, na kompyuta yake ikatolewa kundini, ikawekwa chini ya sera, nembo na yote, kama ya karani yeyote. Karani wa dirisha la tatu alipata onyo lake na akaanza kuamka mapema. Ijumaa bahasha ilitoka kwenye droo ikiwa na sahihi. Na kwa adhabu ya nyongeza Fundi Habari alipewa orodha ya familia kumi na tisa, azipigie simu mwenyewe zije kubadilisha vyeti. Mtu mwingine angemaliza kwa asubuhi moja. Yeye alichukua siku nne, kwa sababu zinazojulikana.

Baada ya wiki mbili printa iliyokuwa karibu yake ilibadilishwa, na kompyuta yake ikakataa kuitambua. Ni kazi ya dakika moja. Alibonyeza, akaambiwa hana ruhusa. Alibonyeza tena, kama wale aliokuwa akiwacheka. Akainua simu akaiweka. Akainua akaiweka. Mara ya tatu akapiga.

"Injinia, printa yangu."

"Sawa, kaka."

Alikaa akisubiri. Alijua kazi hiyo inafanyika kulekule chumba cha seva, mibonyezo miwili, bila mtu kunyanyuka. Akakodolea skrini macho ili aone itakapotokea. Haikutokea. Badala yake alisikia magurudumu ukumbini.

Injinia alikuwa anasukuma kiti chake mwenyewe, taratibu, kwa kuwa hakuzoea kukisukuma, na kilimwendea upande. Alikifikisha ubavuni mwa Fundi Habari, akakaa. Hakugusa kipanya. Aliweka mikono magotini.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

Wivu ulimchoma tena, chini ya mbavu, palepale ulipozoea. Hata hili huyu binti kaliweza. Fundi Habari alitazama nembo kwenye skrini yake, kisha akamtazama mwenzake.

"Wifi yako anakusalimu," alisema.

"Oo. Ananifahamu? Kanisalimia lini?"

"Kila siku," alisema Fundi. "Tangu mwezi ule ulipokuja. Salamu zake nilikuwa sizifikishi."